Benoît Atuletee Kipande Gani?

Asiyeijua Likasi na aambiwe: kiwanda kinaweza kufunga, mshahara unaweza kukatika miezi tisa, benki inaweza kukosa noti, lakini benchi la Mama Albertine halijawahi kufungwa hata siku moja. Ni ubao mmoja mrefu mbele ya ligablo lake, kiduka cha mbao kisichouza zaidi ya vipande vya sabuni, vidonge vya kichwa na kahawa. Kahawa yenyewe, mwaka huu wa tisini na tano, ni nusu kahawa na nusu mahindi ya kukaanga, ila ni ya moto, na wenye benchi husema moto ndio utamu. Asubuhi hiyo walikuwepo watatu wa siku zote. Kitenge, aitwaye Ministre kwa sababu ana jibu la kila swali na hakuna jibu lake lililowahi kutekelezwa. Jimmy, mchimbaji wa Kambove aliyeokoka, aitwaye Frère Amen. Na Ambroise, fundi umeme wa kiwanda kwa miaka ishirini na miwili, mtu wa maneno ya kupima, aitwaye Voltmètre. Wa nne alikuwa Émérence, na leo benchi lilikuwa lake, maana shida ilikuwa yake.

Nyumba ya Émérence inatazamana na ligablo, hatua sita tu, na barazani kwake palikuwa na kompyuta. Kampuni iliposhindwa kumlipa mumewe ilimpa mashine ya ofisini badala ya mishahara, naye akaileta kwa mkokoteni huku mtaa mzima ukishika mbavu. Émérence hakucheka. Vijana wa ofisini walikuwa wameacha ndani yake mchezo wa mbio za magari, na haukupita mwezi kabla vijana na watu wazima hawajapanga foleni barazani, kila mmoja na bakuli lake la unga wa mahindi, kwa sababu noti za siku hizo hata mwenye unga hakuzitaka. Bakuli moja, zamu moja. Unga huo ndio uliokuwa bukari, ugali wa watoto wake wanne, maana mume siku hizi alikuwa anachimba Kambove na kurudi na vumbi tu. Kisha bwana mmoja, Carlos, akafungua baraza mtaa wa pili na mashine ya kisasa. Huko magari yanateleza. Kwa Émérence yanakwenda kwa kukwamakwama, na wiki hiyo alikuwa amepata mabakuli mawili.

Saa sita lori la Benoît lingeondoka kwenda Lubumbashi. Kule kulikuwa na fundi aliyekubali kubadilisha kipande kimoja cha kompyuta kwa pagne moja, kitambaa cha kujifunga, na pagne hiyo ilikuwa mapajani mwa Émérence, ile ya mahari yake, haijakatwa wala kufuliwa. Hakuwa na nyingine. Kipande kikiwa sicho, basi, pagne imekwenda na foleni imekwenda.

Émérence — Wapapa, saa ine ilishapita. Muniambie. Benoît alete kipande gani?

Ministre — Minye nasema ni écran, kile kioo. Angalia vile iko kadogo! Magari kumi na mbili ndani ya kaécran kama sahani ya chai. Itapita wapi? Leta écran kubwa, utaona vile itakimbia.

Frère Amen — Hapana, vieux. Ni mémoire. Ile mashini iko na kichwa cha kusahau. Gari inaenda, mashini inasahau barabara, gari inasimama. Inakumbuka, gari inaenda tena. Hata minye nikifunga siku tatu bila kula, inanifikiaka vile vile.

Émérence — Basi ni mémoire?

Ministre — Kama inalilia mémoire, umupe! Bankambo walisema: mutoto akililia wembe, umupe.

Albertine alikuwa anamimina kahawa, akasimamisha birika hewani.

Albertine — Ministre, ile methali iko ya kuonya. Mutoto atajikata.

Ministre — Mama Albertine, weye uza kahawa.

Émérence alitabasamu bila kutaka. Ukweli ni kwamba aliwapenda watu hawa. Walikuwa hawajalipwa tangu mwaka juzi, suruali zao zilikuwa na viraka juu ya viraka, na bado waliweza kuamka asubuhi wakabishana juu ya mashine ya jirani kana kwamba ni mashine ya taifa.

Frère Amen — Tena muangalie ile namba nyekundu inawaka mbele ya mashini. Kumi na sita. Tangu mashini ilifika, ni kumi na sita tu. Hamujiulize?

Ministre — Ni numéro ya bureau kwenye ilitoka.

Frère Amen — Bureau gani inawaka taa? Ni Yohane tatu, kumi na sita! "Kwa maana Mungu aliupenda sana ulimwengu." Mungu anamuambia Mama Émérence: usinunue kitu, subiri.

Émérence — Watoto wangu njo batasubiri, Frère?

Ministre, kwa huruma, akamwokoa Frère Amen kwa nadharia mpya.

Ministre — Sasa minye nimeelewa. Donc, hii mashini ilikuwa wapi zamani? Kwenye pesage. Malori yote ya cuivre, ya shaba, ilipimwa na hii. Miaka tatu, kila lori, tani makumi. Ile mizigo yote iliandikwa wapi? Ndani ya disque! Muko na maelfu ya tani ya cuivre ndani ya kale kasanduku. Kagari ka mchezo katakimbia namna gani na ule uzito juu?

Hata Albertine alilifikiria.

Frère Amen — Ni kweli vile nilisaidia kuishusha ilikuwa nzito.

Ministre — Voilà! Anunue disque mupya, tupu. Kidole kimoja hakivunje chawa: kipande kimoja kinatosha.

Albertine — Eh! Ile tena umeisema mubaya kuliko ile ya kwanza.

Voltmètre alikuwa hajafungua mdomo tangu afike. Alikunywa funda la mwisho, akageuza kikombe chini ili mtu asikijaze, na benchi zima likajua kwamba sasa mtu anataka kusema.

Voltmètre — Kwenye usine, mawe yakikawia kufika mwisho, tunanunua broyeur mupya, ile ya kusaga mawe?

Ministre — Inategemea...

Voltmètre — Haitegemee. Tunatembea kwanza. Tunafuata njia ya mawe tangu mwanzo, tunatafuta mahali yanalundikana. Mahali mawe yanalundikana, mashini inayofuata pale njo mugonjwa. Zingine zote ziko na njaa tu, zinangojea. Ukinunua mashini ya kulisha zile zenye njaa, umenunua bure. Mama Émérence, umeme uko?

Émérence — Uko tangu alfajiri, tunashukuru.

Voltmètre — Basi fungua mchezo. Endesha. Minye nitaangalia.

Wakavuka wote, vikombe mkononi. Émérence alikaa kwenye kigoda chake, akafungua mchezo, akaingiza gari barabarani. Likaenda, likakwama, likaruka, likakwama. Voltmètre hakutazama gari hata kidogo. Alichutama, jicho kwenye taa ndogo ya kijani mbele ya sanduku.

Voltmètre — Hii taa inawaka wakati disque inafanya kazi. Gari inakwama, na taa imezimika. Donc disque haiko inasumbuliwa. Iko inalala. Ministre, tani zako zimelala.

Ministre — Labda ni uzito wa kulala.

Voltmètre — Mémoire. Kama ingekuwa kidogo, mashini ingekimbilia disque kila mara kuweka mizigo pale, taa ingewaka sana. Haiwake. Tena, mchezo ukifunguka unaandika mémoire gani inataka, na mashini iko nayo. Frère Amen, haisahau.

Frère Amen — Amen, nimeshindwa.

Voltmètre — Sasa, mama, mule ndani ya mchezo kuna mahali pa kupunguza picha. Fanya picha iwe kadogo, katikati ya écran.

Émérence alitafuta, akapata. Picha ikasinyaa ikawa kama kitabu cha sala. Na gari likaanza kwenda kwa uzuri zaidi, si sana, lakini kila mtu aliona.

Voltmètre — Mumeona? Kazi ya kuchora imepungua, mbio imeongezeka. Sasa rudisha picha kubwa, lakini ondoa wale wengine. Kimbia peke yako.

Magari kumi na moja yakatoweka, likabaki moja barabarani. Nalo likakimbia kuliko hata kwenye picha ndogo.

Voltmètre — Njo pale. Kuchora njia ni kazi ya carte ya écran. Lakini kufikiri magari kumi na moja, nani anageuka, nani anagonga nani, ni kazi ya processeur. Tumeondoa mawazo, gari imekimbia. Mawe yanalundikana mbele ya processeur. Benoît alete processeur.

Émérence aliacha mikono juu ya vibonyezo, akamwangalia mzee yule. Hakuwa na kompyuta, hakuwahi kuwa nayo, hakuna mtu aliyemfundisha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kufuata mawe, basi. Alijisikia fahari ya ajabu, kama ni baba yake, na papo hapo akajisikia hasira: mtu wa namna hii amekaa benchini akinywa mahindi.

Émérence — Papa Ambroise, munastahili kiti ya mukubwa.

Voltmètre — Kiti iko. Mukubwa njo hakuna.

Ndipo honi ikalia. Lori la Benoît lilisimama barabarani, injini ikinguruma kwa sababu likizimwa haliwaki tena. Benoît mwenyewe aliruka chini, kijana wa miaka thelathini mwenye kofia, mtu wa Kolwezi aliyeoa mtaani hapa mwaka uliopita. Hakuwahi kufanya kazi kiwandani siku moja maishani mwake. Yeye ni mtu wa magunia.

Benoît — Bonjour, wazazi. Mama Émérence, pagne iko tayari? Munipatie jina ya kipande.

Émérence — Processeur. Papa Ambroise atakuandikia.

Voltmètre alitoa kalamu. Émérence akaikunjua pagne mara ya mwisho, akaikunja tena, akapitisha kiganja juu yake. Benoît wakati huo alikuwa ameinama mbele ya mashine, mikono magotini, akiitazama namna mgeni anavyotazama vitu.

Benoît — Na hii?

Ministre — Hii nini?

Benoît — Hii karatasi nyekundu, kando ya kumi na sita. Imefunika kabouton. Kale kabouton kanafanyaka nini?

Ilikuwa karatasi ngumu, nyekundu, imefungwa kwa waya mwembamba na kubanwa na utepe juu ya kitufe kimoja. Juu yake maandishi makubwa ya kukataza kugusa, na chini jina limeandikwa kwa mkono: Mbombo, pesage. Asubuhi nzima walikuwa wameitazama namba iliyo kando yake, na miezi yote Émérence alikuwa ameifuta vumbi karatasi hiyo kwa uangalifu asiitikise. Si kwamba hawakuiona. Waliiona namna mtu anavyoona mlango wa jirani uliofungwa: si wako, unapita.

Benoît — Sasa kwa nini hamujatoa?

Voltmètre — Étiquette ya muntu, muntu mwenyewe njo anatoaka.

Benoît — Papa, ni karatasi.

Voltmètre — Ni muntu! Ukiingia ndani ya mashini kutengeneza, unafunga étiquette na jina yako pale nje. Ile karatasi inasema: minye niko ndani, musiwashe. Nilikuwa na rafiki, alikuwa ndani ya broyeur. Muntu moja akaona karatasi, akasema, ni karatasi. Akatoa, akawasha.

Frère Amen alivua kofia. Benoît naye akaivua yake, bila kujua sawasawa kwa nini.

Émérence aliitazama pagne mkononi, akamtazama Voltmètre. Kile kitufe kilikuwa ndani ya mashine yake, barazani kwake, na saa ilikuwa inakimbilia sita.

Émérence — Papa Ambroise, na kama mwenye kufunga hapatikane? Usine ilifanyaka nini?

Voltmètre alifikiri. Alipojibu alijibu polepole, kama anasoma ukutani.

Voltmètre — Kulikuwa na namna. Mwenye cheo anasimama mbele ya mashini, anaita jina ya muntu mara tatu, kwa nguvu, kila kona isikie. Anangojea. Asipoitika, mwenye cheo anatoa kwa mukono yake, na ni yeye anabeba.

Ministre — Basi ita! Penye wazee hapaharibike neno, weye njo mukubwa wetu.

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo methali ilikaa mahali pake, na hakuna aliyeona. Voltmètre alijipangusa magoti, akasimama wima kwenye ngazi ya baraza, akajaza kifua.

— Mbombo!

Mlango ukafunguka upande wa pili wa barabara. Albertine aliweka birika chini.

— Mbombo!

Miaka mitatu nyuma watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mjini, Mbombo na mkewe miongoni mwao. Walitolewa majumbani, wakalala gare, kituo cha treni, wiki kwa wiki na watoto na magodoro, wakingoja treni ya kuwapeleka. Mke wa Mbombo aliimba naye kwaya, bega kwa bega, sauti ya kwanza. Émérence alipika sufuria ya bukari na samaki, akaibeba kichwani kuwapelekea, na kwenye kona ya kuingia gare akaona vijana wenye fimbo wakiuliza watu wanakwenda kwa nani. Akageuka. Chakula kile walikila watoto wake mwenyewe. Hakuwahi kumwambia mtu, na aliona aibu siku ile kama alivyoiona sasa, imesimama mbele yake mchana kweupe.

— Mbombo!

Jina lilikwenda hadi mwisho wa mtaa. Walingoja. Lori peke yake ndilo lililoendelea kunguruma.

Voltmètre — Hakuitika. Minye natoa. Minye nabeba.

Alikata waya kwa koleo yake, akabandua utepe kwa ukucha, taratibu, karatasi isichanike. Akaikunja akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Kitufe kikatokea, kisafi kuliko mashine yote, na juu yake neno moja: TURBO.

Voltmètre — Bonyeza, mama. Mashini ni yako.

Émérence alibonyeza. Namba nyekundu ikaruka: 33.

Frère Amen — Thelathini na tatu! Miaka ya Bwana wetu! Niliwaambia ni Maandiko!

Hakuna aliyemcheka, kwa sababu hakuna aliyemsikia. Gari lilikuwa limeondoka. Picha kubwa, magari yote kumi na mbili, na lile la Émérence likipita katikati yao bila kukwama, kona baada ya kona, hadi Ministre akaanza kuinamia upande na yeye kama amepanda. Watu walitoka nyumba za jirani. Mtu mmoja alisema atarudi sasa hivi na bakuli, akakimbia kweli.

Voltmètre — Nimekumbuka. Programme ya pesage. Ile namba ni mbio ya mashini. Mashini ikikimbia sana, ilikuwa inaandika lori moja mara mbili. Bakubwa walitafuta mwezi muzima, walitaka kuita muntu wa Ulaya. Ni Mbombo alijua. Peke yake. Alipunguza mbio, akafunga étiquette, mambo ikaisha.

Ministre — Ule muntu alikuwa fundi.

Frère Amen — Fundi na nusu. Na hakujivuna hata siku moja.

Ministre — Baiskeli yangu alinitengenezea bure.

Albertine — Kila asubuhi alinisalimia kabla ya kuomba kahawa. Nyinye munaomba kahawa kwanza.

Wakamsifu hivyo, kila mtu na lake, na sifa zote zilikuwa za kweli. Benoît alitazama saa.

Benoît — Basi mama, sinunue kitu? Nikuachie pagne yako?

Émérence alikuwa ameibana pagne kifuani bila kujua. Ilikuwa yake tena. Foleni ilikuwa inajipanga barabarani, na watoto wangekula. Alishuka ngazi, akaenda hadi mlangoni mwa lori, akaiweka pagne mikononi mwa Benoît.

Émérence — Beba. Kule Lubumbashi, kwenye gare, treni ya Kasai inafika kila juma. Batu wanashuka, wanapanda. Uulize habari ya Mbombo wa pesage ya Likasi. Ukipata muntu wa kumufikia, umupe hii. Useme ni ya muke wake, inatoka kwa Émérence wa kwaya. Useme nilikuwa na deni ya sufuria moja ya chakula.

Benoît — Sawa, mama. Nitauliza. Lakini Kasai ni kubwa, batu wataniuliza. Kwao ni wapi?

Émérence alimgeukia Voltmètre. Voltmètre alimtazama Ministre. Ministre, mwenye jibu la kila swali, alimtazama Frère Amen. Frère Amen alishika kofia yake kwa mikono miwili. Albertine, aliyekuwa ametikisa birika na kuisikia tupu, alisimama nayo hivyo hivyo katikati ya barabara.

Benoît — Kijiji gani? Hata mutaa tu.

Mbombo alizaliwa Likasi, hospitali ya Panda, na baba yake mzazi alizikwa hapa. Kasai hakuwahi kuiona kabla ya treni ile.